Mbona hamkusema Februari?

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, shule nyingi za sekondari za Marekani hufanya mchujo wa timu za ushangiliaji za mwaka unaofuata. Sisemi ushangiliaji wa Simba na Yanga, wa jezi na matarumbeta. Hawa ni wasichana, na wavulana wachache, wanaorushana hewani, wanaosimama mabegani mwa wenzao, wanaopindua sarakasi kisha wanatabasamu kana kwamba hakuna lililotokea. Na kila mwaka, wiki moja baada ya majina kubandikwa, barua za wazazi humiminika. Kocha hana mafunzo. Magodoro hayakuwepo. Mwanangu alianguka Februari na hakuna aliyemwangalia.

Jibu la shule limeshazoeleka: mbona hamkusema Februari?

Ni swali la haki, na linaniuma, maana mimi pia sikusema Februari.

Naishi Minnesota, jimbo ambako mambo haya yalianza: Novemba 1898 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, alisimama mbele ya jukwaa akaongoza kelele za mashabiki. Kwa robo karne hivi ilibaki kazi ya wanaume, jambo ambalo leo ukilisema watu wanadhani unatania. Jioni moja ya Februari nilikwenda kumchukua binti yangu mazoezini nikafika mapema. Ukumbi wa michezo ulikuwa na timu ya mpira wa kikapu, kwa hiyo washangiliaji walikuwa kwenye ukumbi wa kulia chakula, meza zimesukumwa ukutani, sakafu ni vigae vitupu. Walikuwa wamemwinua mwenzao juu, kasimama kwenye viganja vyao. Yule wa nyuma, ambaye kazi yake yote ni kulinda kichwa na mabega ya anayeshuka, alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Kocha, binti wa miaka ishirini na kitu, alikuwa mlangoni anazungumza na mzazi kuhusu malipo ya sare. Wa juu akashuka ubavu ubavu. Kiwiko kikapiga kigae, na mlio ule ulinifanya nishike ukuta. Akainuka, akacheka. Wote wakacheka, wakajipanga tena.

Ndani ya gari nikasema usiku huohuo namwandikia mkuu wa michezo wa shule.

"Baba, tafadhali," binti yangu akasema, anaangalia dirishani. "Mchujo ni Aprili."

Sikuandika.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema wazazi huchanganya usalama na kinyongo cha mchujo. Kuchanganyika kupo, lakini aliyechanganya kwanza si mzazi. Katika timu nyingi za ushangiliaji hakuna kiti cha kudumu: hata aliyeshangilia miaka mitatu, masika ikija anabandikwa namba kifuani na kuanza sifuri. Na alama zake hazitoki kwenye saa wala kwenye ubao wa magoli. Ni macho ya watu yanayopima urefu wa mruko, unyoofu wa miguu, nguvu ya sauti, tabasamu, na katika shule nyingi hata mwenendo na "moyo wa timu". Sasa mtoto ambaye baba yake amemshtaki kocha mwezi wa pili, moyo wake wa timu utapimwaje mwezi wa nne? Huenda kocha ni mwadilifu asiye na kisasi hata chembe. Mtoto hajui hilo, na mzazi hajui. Kwa hiyo wanakaa kimya mpaka jina likose kwenye orodha, na siku hiyo, kwa kuwa hawana tena cha kupoteza, wanasema yote. Shule inaona hasira za aliyeachwa, nami naona ushahidi uliocheleweshwa na mfumo wenyewe.

Sifa mbaya ya wazazi hawa ina historia, sitaki kuificha. Mwaka 1991 mama mmoja wa Channelview, Texas, alikamatwa kwa kutafuta muuaji wa kukodi ili amwondoe mama wa msichana aliyeshindana na binti yake kwenye ushangiliaji. Tangu siku hiyo kila mama anayeinua mkono kwenye kikao cha timu hubeba kivuli cha yule wa Texas. Mwaka 2021 mama mwingine, wa Pennsylvania, alitangazwa dunia nzima kwamba ametengeneza video bandia za kuwaharibia jina wasichana wa timu ya mwanawe. Baadaye waendesha mashtaka wenyewe wakakiri kuwa hawawezi kuthibitisha kwamba video ni bandia. Alitiwa hatiani 2022 kwa unyanyasaji wa ujumbe, kosa dogo zaidi. Habari ya kwanza ilisambaa kila kona. Ya pili sijui ni wangapi waliisoma.

Upande wa makocha nao wana la kusema, na si dogo. Wengi ni walimu au wahitimu wa timu hiyohiyo wanaolipwa posho ambayo ukiigawanya kwa saa utaona aibu. Wanapigiwa simu usiku. Wanaombwa waeleze kwa nini namba 14 amepita na namba 27 ameachwa, na hawawezi kumwonyesha mzazi mmoja alama za mtoto wa mwingine. Mchujo wenyewe ni kinga: msichana asiyeweza kujibana mwili akiwa hewani ukimpitisha kwa huruma, umewaweka hatarini yeye na wanaomdaka. Na hasira za mchujo si hadithi tu. Msichana wa Pennsylvania aliyeachwa kwenye timu ya wakubwa akatukana mtandaoni na kusimamishwa, kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda Juni 2021 kwa kura 8 kwa 1. Kocha anayesoma habari kama hizo akijifungia na wanafunzi wake ukumbini, namwelewa.

Halafu kuna takwimu, na hapa naomba subira, kwa sababu pande zote mbili hupigana kwa takwimu na zote mbili zinasema kweli.

Makocha hutaja utafiti uliotoka mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa watoto, Pediatrics. Kati ya michezo 22 ya sekondari iliyolinganishwa, ushangiliaji ulishika nafasi ya 18 kwa kiwango cha majeraha: 0.71 kwa kila ushiriki 1,000. Ukisoma hapo tu, unafunga kitabu na kulala. Wazazi nao hutaja tamko la chama cha madaktari wa watoto wa Marekani la mwaka 2012: tangu 1982, katika majeraha mabaya kabisa yaliyowapata wasichana kwenye michezo ya sekondari, yale ya shingo, uti wa mgongo na kichwa, asilimia 65 yalitoka kwenye ushangiliaji. Ukisoma hapo tu, unamtoa mtoto leo.

Zinapatanaje? Angalia kinachohesabiwa. "Ushiriki" mmoja ni mtoto mmoja katika zoezi moja, shindano moja au onyesho moja. Msichana aliyesimama saa mbili pembeni ya uwanja, anapunga mikono na kuimba jina la shule, anahesabiwa ushiriki mmoja. Mwenzake aliyerushwa hewani mara thelathini jioni hiyohiyo naye anahesabiwa mmoja. Kwa hiyo ile 0.71 ni chai iliyoongezwa maji: hatari ya kurushwa imechanganywa na usalama wa kusimama. Utafiti huohuo, ukiendelea kuusoma, unasema zaidi ya nusu ya majeraha yalitokea kwenye kuinuana na kurushana, kwamba karibu theluthi moja ya majeraha yote yalikuwa mtikisiko wa ubongo, na kwamba kwa sehemu ya majeraha yanayomweka mtoto nje zaidi ya wiki tatu au kummalizia msimu, ushangiliaji ulikuwa wa pili, nyuma ya jimnastiki. Yaani ajali ni chache, lakini zikitokea ni nzito.

Nayo asilimia 65 ina kasoro yake. Ni sehemu kubwa ya jumla ndogo. Majeraha ya namna hiyo kwa wasichana ni machache mno, na mzazi anayeitaja bila kusema hivyo anawatisha watu. Lakini namba ndogo haiwi hoja ya kukaa kimya pale ambapo chanzo kinajulikana. Na kinajulikana: urefu, sakafu, na nani anasimama nyuma. Msimu wa 2006–07 mrusho wa kikapu, ule wa kumtupa msichana juu kwa mikono iliyofumwa na kumdaka, ulipigwa marufuku kwenye sakafu ngumu. Waliohesabu baadaye walikuta majeraha mabaya kabisa yamepungua sana. Mchezo haukufa, na wasichana hawakuacha kutabasamu. Kilichobadilika ni kanuni moja ya sakafu.

Tamko lile la 2012 halikuomba makubwa. Lilitaka kocha awe na cheti cha usalama, msichana asiinuliwe juu ya sakafu ngumu, yenye maji au isiyo sawa, mnara usizidi watu wawili kwenda juu, mpango wa dharura uwe umeandikwa, na anayeshukiwa kuumia kichwa atolewe mara moja. Zaidi ya yote lilitaka ushangiliaji utambuliwe kuwa mchezo, ili upate daktari, nafasi ya mazoezi na kocha aliyesomea, kama michezo mingine inavyopata.

Na hili la kutambuliwa ndilo linaloniudhi kuliko yote. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin iliamua kesi ya msichana wa sekondari aliyeanguka kinyumenyume wakati wa mazoezi, akapiga kichwa kwenye vigae, hakuna godoro. Majaji wakasema ushangiliaji ni mchezo wa kugusana miili, kwa hiyo mwenzake aliyepaswa kumdaka hawezi kushtakiwa kwa uzembe, na wilaya ya shule nayo ina kinga ya serikali. Mwaka uliofuata, huko Connecticut, jaji wa shirikisho aliyekuwa akisikiliza kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac akaamua kwamba ushangiliaji wa mashindano, kwa jinsi ulivyokuwa umepangwa wakati ule, haufai kuhesabiwa kuwa mchezo chini ya sheria ya usawa wa kijinsia. Rufaa ya 2012 ikamuunga mkono. Sheria zilikuwa tofauti na maswali yalikuwa tofauti, wanasheria watanisahihisha, na ni sawa. Lakini ukiwa mzazi ukumbini unachokiona ni hiki: mtoto akianguka, ni mchezo, na aliingia akijua hatari. Akiomba ukumbi, si mchezo, aende kwenye meza za chakula.

Majimbo kadhaa yameshatoka kwenye kigugumizi hicho. Michigan ina mashindano rasmi ya sekondari tangu 1994. California ilipitisha sheria mwaka 2015, na kufikia 2017 ushangiliaji wa mashindano ukaingizwa kwenye michezo yake ya shule. Kwingine bado timu ni "shughuli", kama klabu ya midahalo, tofauti ikiwa kwamba kwenye midahalo hakuna anayeanguka kutoka mabegani mwa mwenzake.

Anayedhani naongeza chumvi kuhusu ukimya na atazame Denver. Agosti 2017 televisheni ya hapo ilirusha video za wasichana wa sekondari wakikandamizwa kwa nguvu kwenye msamba, miguu imetanuliwa pande zote, mmoja analia anaomba waache. Nchi ikashtuka, kocha akafukuzwa. Kumbe mzazi alikuwa ameshaiandikia shule tangu Juni, na video akaambatanisha. Hakusubiri mchujo, hakukosa nafasi, alileta ushahidi wa macho, na bado ilibidi televisheni iingilie. Uchunguzi uliofuata uliwagusa viongozi wa shule waliopokea barua ile, na mkuu wa shule akastaafu. Mashtaka ya jinai hayakufunguliwa. Kwa hiyo ukiniuliza mbona wazazi hawasemi mapema, nami nitakuuliza waliosema mapema walipata nini.

Ninachokitaka si kocha apelekwe mahakamani kwa kila kiwiko kilichochubuka. Nataka anayepokea malalamiko ya usalama asiwe yule anayetoa alama, wala anayemchagua atoaye alama. Shule nyingi tayari huleta waamuzi wa nje siku ya mchujo. Hatua inayobaki ni fupi: barua ya usalama iende kwa muuguzi wa shule au kwa ofisi ya wilaya, iandikwe tarehe, ijibiwe kabla ya Aprili, na jina la mtoto lisimfikie kocha. Makocha watasema, na wamesema, kwamba mtu hawezi kujitetea dhidi ya mlalamikaji asiye na jina. Kwa tuhuma ya tabia, kweli. Lakini "mlifanya mazoezi kwenye vigae Jumanne bila godoro" haihitaji jina. Inahitaji mtu ashuke akaone vigae.

Binti yangu alipita Aprili ile. Mwaka huu nimeandika Novemba, miezi mitano kabla ya mchujo, ukurasa mmoja, nikampa asome kabla sijatuma. Alisoma polepole, akachukua kalamu. Vigae akaviacha, tarehe akaiacha, swali la cheti cha kocha akaliacha. Alifuta jina lake, kisha akafuta na langu.