Auto ya skana inatuharibia picha za wazee

Juzi nimepeleka picha ya babu stesheneri moja hapa Mtwara mjini, ile ya nyeusi na nyeupe kasimama juani Mikindani na kanzu yake, kijana kaiweka kwenye skana kabonyeza auto, skana ijirekebishie mwanga yenyewe, dakika haijaisha tayari, buku tu. Nafika nyumbani nafungua kwenye kompyuta, uso wa babu umekuwa kivuli na kanzu nyeupe pee, mikunjo yote imepotea. Na kwenye karatasi vyote vipo!

Mi sio fundi ila nina kiskana changu cha mtumba, nikarudia mwenyewe. Shida ya auto yenyewe inatafuta palipo peusi zaidi na peupe zaidi afu inavuta huku na huku, haijui babu ni nani, hata ule ukingo mweupe wa picha inauhesabu. Kwahiyo skani ya majaribio kwanza, chagua picha yenyewe bila ukingo, afu fungua histogramu, kile kimlima kinachoonyesha picha ina weusi na weupe kiasi gani, kuanzia 0 nyeusi kushoto mpaka 255 nyeupe kulia. Vishale vya pembeni visogeze vikaribie miguu ya mlima ila visiingie ndani, maana ukikata hapo umekata, hakuna programu itakayokurudishia. Uso unaufungua na kishale cha katikati. Wengi wanakimbilia kitufe cha mwanga, kile kinapandisha vyote pamoja, uso unapanda na kanzu inapaa ndo basi tena.

Kama skana yako ina biti 16 chagua hiyo, ngazi 65,536 kwa kila rangi badala ya 256 za biti 8, na usevu faili la aina ya TIFF maana JPEG inakurudisha kwenye biti 8. Faili zito ndio, futa video za WhatsApp huko.

Iliyoniuma zaidi ni ya shangazi, ngoma ya sindimba usiku kwa taa ya karabai. Auto ikaona giza ikadhani kosa, ikaliinua mpaka likawa kijivu kama majivu. Jamani picha ya usiku iacheni na usiku wake! Hiyo nimeacha mlima umelala kushoto kwenye weusi, taa ikawaka vizuri.

Nilirudi kumwonyesha yule kijana, akanambia kaka foleni yote hii nani ana muda. Nikamwambia we nidai hata elfu tatu nitatoa. Akacheka, akapokea picha ya mama aliyekuwa nyuma yangu, akabonyeza auto.