Kalipa za Datsun 240Z: kuzifufua au kufunga za Hilux?

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mara mbili, mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Sifa ile ndiyo inayowafanya watu mpaka leo wahangaike kulirudisha barabarani gari lenye umri wa nusu karne. Gari kama hilo likikaa Mtwara au Lindi, breki za mbele ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kugoma, na hapo mafundi hugawanyika. Wapo wanaosema fungua kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, badilisha raba, rudisha. Wapo wanaosema achana nazo, funga za Hilux, spea zake hazisumbui. Pande zote mbili zina hoja, ila ubishi huanza kabla mtu hajaiona pistoni, na pistoni ndiyo inayoamua.

Tuanze na namna kalipa inavyofanya kazi. Raba yake ni pete yenye pande nne, si ya mviringo kama oringi. Ukikanyaga breki, pistoni inasogea na raba inajipinda nayo. Ukiachia, raba inajinyoosha na kuirudisha pistoni kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Hakuna springi. Sasa gari linalolala Shangani au Mikindani, sehemu za Mtwara zilizo kando ya bahari, linapumua chumvi usiku na mchana. Kutu inajijenga ndani ya mfereji ambamo raba hukaa, nyuma yake, inaisukuma raba ibane pistoni, na pistoni hairudi tena. Pedi inabaki imegusa diski, usukani unavuta upande mmoja, ringi inachemka. Fundi akibadilisha raba bila kuusafisha mfereji, gari litarudi gereji na ugonjwa uleule.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Kila kalipa ina pistoni mbili, moja kila upande wa diski, kwa hiyo gari zima linataka raba nne na vifuniko vinne vya vumbi. Ni kifurushi chepesi kinachokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Lowesha vumbi la pedi kwa maji kabla ya kugusa chochote, wala usilipulize kwa kompresa, maana pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Toa kalipa kwenye diski ikiwa bado na paipu yake, weka kipande cha mbao katikati, kisha mtu akanyage pedali taratibu mpaka pistoni zikaribie kutoka. Inayotangulia ibane kwa klampu ili ya pili ifuate. Upepo wa kompresa huirusha pistoni kwa nguvu ya kuvunja kidole. Bolti zinazounganisha nusu mbili za kalipa ziache, isipokuwa panavuja pale kwenye maungio.

Kuosha ni kwa spiriti au mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huivimbisha raba, na raba iliyovimba inakamata breki. Mfereji uchokonoe kwa ncha ya shaba au plastiki ngumu mpaka chuma kionekane safi pembeni zote. Wakati wa kurudisha, paka raba mafuta ya breki au grisi maalumu ya raba. Grisi ya bering haifai.

Kisha pistoni. Ni chuma kilichopakwa kromu. Ikaushe, pitisha ukucha polepole pale inapopita ndani ya raba. Ukucha ukikwama, hata kishimo kiwe kama ncha ya sindano, pistoni hiyo imekwisha. Kuipiga msasa ni kuimalizia kromu iliyobaki na kukiacha chuma wazi kwa kutu. Kwa Mtwara, dawa ni pistoni za chuma kisichoshika kutu. Zinagharimu zaidi, lakini upepo wa bahari hauziwezi, na pia hazipitishi joto kwenda kwenye mafuta upesi kama za kawaida.

Wanaotetea Hilux hawabahatishi. Kalipa za Hilux 4x4 za kati ya 1979 na 1985 zina pistoni nne na hufungwa kwenye 240Z bila kuchonga mkono wa gurudumu. Bati la vumbi nyuma ya diski huzuia, basi lifungue ulihifadhi badala ya kulikata. Paipu fupi ya chuma hukunjwa upya, na ringi ya inchi 14 lazima ijaribiwe kabla ya kununua. Tatizo liko kwenye duka la mtumba, kwa kuwa kalipa za Hilux hazifanani. Tafuta alama S12+8 kwenye mwili wake. Yenye S12W ni ya diski nene yenye matundu ya hewa katikati. Ukiiweka kwenye diski ya 240Z, ambayo ikiwa mpya ina milimita 12.5 tu, pistoni hutoka mno, na pedi zikilika inaweza kuchomoka kabisa.

Halafu kuna mizani ya gari. Masta silinda ya 240Z, yaani pampu inayosukumwa na pedali ya breki, ina kipenyo cha milimita 22.2. Kwa pistoni nne pedali hushuka zaidi, ndiyo maana wengine huweka masta ya milimita 23.8. Nguvu ya mbele ikiongezeka, dramu za nyuma hubaki bila kazi ya kutosha. Gari lenyewe lina uzito wa kama tani moja, na breki nzima za asili huweza kuyafunga magurudumu. Baada ya hapo anayesimamisha gari ni tairi. Faida ya Hilux inaonekana kwenye joto, kwa mtu anayeshuka kutoka Newala akiwa na mzigo. Kwa anayekwenda Mikindani jioni na kurudi, tunashauri afufue zake, mradi mwili wa kalipa haujapasuka na mfereji haujaliwa.

Lipo linalosahauliwa na pande zote: mafuta ya breki. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hushuka hadi 155. Unyevu wa pwani huharakisha hilo, kwa hiyo hapa badilisha kila mwaka, usingoje miwili. DOT 5 ya silikoni hainyonyi maji, lakini maji yakiingia hutuama chini kabisa, yaani ndani ya kalipa. Tena haichanganywi na DOT 3 wala 4.

Diski nayo ipimwe kwa maikromita: chini ya milimita 10.5 itupwe. Imefungwa nyuma ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hivyo bering zitatoka na zitataka grisi mpya. Kutu iliyo kati ya habu na diski ikwanguliwe yote, la sivyo diski itayumba hata ikiwa mpya.

Mwisho ni kutoa upepo kwenye mfumo wa breki. Nipo, yaani skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, lazima iwe juu. Ukikosea ukafunga kalipa ya kulia kushoto, nipo inakwenda chini, na pedali itabaki laini hata umalize lita nzima ya mafuta. Anza na gurudumu lililo mbali na masta. Pedali ya gari la zamani usiikanyage hadi sakafuni, kwa sababu sehemu ya silinda ambayo raba haijaifikia miaka mingi ina kutu inayokata raba hiyo. Ukimaliza, endesha kilomita chache bila kushika breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila ringi. Ya upande mmoja ikiwa na joto kuliko mwenzake, fungua tena kalipa hiyo uangalie mfereji.