Mitalawanda ya uvunguni iende makumbusho?

Ukitaka kuzusha ubishi katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja, itoe uvunguni mitalawanda ya marehemu bibi, kisha sema unaipeleka makumbusho.

Mtalawanda ni kiatu cha mti kisicho na ukanda. Una msuruaki tu, ule unaobanwa baina ya kidole gumba na cha pili. Kilikuwa kiatu cha chooni na kisimani, cha kwendea kutia udhu, na mlio wake, ko ko ko, ndio uliowaambia watoto kwamba mkubwa anakuja.

Wanaotaka itolewe wana hoja nzito. Nyumbani kuna mchwa, na kuna wajukuu wanaohamia Dar. Tena kuna mwenye duka la vitu vya kale: vyetezo, mirashi na masanduku ya njumu vimekwisha kutoka kwa njia hiyo, na mtalii anayevinunua hajui vilikuwa vya nani. Isitoshe, Makumbusho ya Kasri pale Forodhani, yaliyofunguliwa 1994, yalijazwa samani za masultani na kupewa chumba kizima cha Sayyida Salme, binti wa Sultan Said. Aliyekuna nazi juu ya mbuzi yake maisha yote naye ana haki ya kuwekewa rafu moja.

Wanaokataa hunyoosha kidole hatua chache tu kutoka hapo. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash 1883 na baadaye ikawa makumbusho, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Utampaje amana mtu ambaye paa lake limeanguka? Tena wanasema kiatu kikiingia kabatini kinakuwa bubu. Hili la pili hunigusa zaidi. Jengo hutengenezwa, lakini ule mlio wa sakafuni haurudi kwa vioo na taa.

Mimi nasema itolewe. Ila kuna jambo ambalo pande zote mbili zinalipita: wanabishana juu ya waliovaa. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa alikwenda pekupeku, na kiatu kilikuwa alama ya uungwana. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria 1897. Kwa hiyo kabati la viatu vya zamani, hata viwe vya kawaida namna gani, ni kabati la waungwana. Aliyechuma karafuu bila kiatu aliacha nini? Pakacha, ambalo likichoka huwa kuni. Jamvi la kuanikia, ambalo huoza. Vitu vyake havikukaa uvunguni kungojea wajukuu, basi hata makumbusho yenye nia njema yatamkosa yasipomtafuta kwa makusudi, kwa kuwarikodi wazee wa mashamba ya Pemba, na kwa kumwagiza msusi pakacha jipya likae karibu na mtalawanda wa mjini.

Jozi ya bibi nayo isitoke mikono mitupu. Iende na jina lake, mtaa wake, fundi aliyeichonga kama yuko anayemkumbuka, na sauti ya mtu akiivaa na kutembea sakafuni. Na isipigwe vanishi kabla ya kukabidhiwa: pale kisigino kilipolika upande mmoja, ndipo alipokuwa akiegemea.