Waifai ya bure, lakini kwanza leta namba ya simu

Ingia kafe yoyote ya tao siku hizi, Moi Avenue hadi Westlands, karibu kila mahali ni mambo mawili tu: ama paswedi imebandikwa kwa karatasi pale kaunta na haijawahi badilishwa, ama ukijiunga unarushwa kwa ukurasa unaotaka jina, namba ya simu, imeili, wengine hadi siku ya kuzaliwa, ati ndio upewe nusu saa. Wenye biashara wanasema bila hivyo watu watawaharibia, wateja nao wanasema huo ni upelelezi, na mimi naona wote wamechanganya vitu viwili, kudhibiti mtandao na kumjua mgeni.

Mwenye kafe huwa anatukanwa bure bana. Laini ya faiba iko kwa jina lake. Jamaa ameitisha chai moja tangu saa tatu asubuhi, laptopu iko kwa stima ya mwenye duka, anadaunilodi sizini nzima, mpaka mashine ya risiti inakwama na mtu anayetaka kulipa aende zake amesimama hapo anahema. Nje kuna watu wa boda wameegemea ukuta, paswedi walipewa na weita kitambo. Halafu kuna hofu kubwa kuliko hiyo: mtu atapeli watu au atume vitisho kupitia laini yake, na siku moja makarao waje wakimtajia ile sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, wanataka kujua alikuwa nani. Kwa rekodi za kampuni ya intaneti, alama zote zinaishia kwa rauta yake. Mimi pia ningeogopa.

Sasa, namba ya simu inasaidia hapo? Kiasi. Laini zetu zimesajiliwa, kwa hivyo ukimtumia mtu kodi, yaani namba za siri za kuingilia, kwa SMS angalau unajua namba fulani ilikuwa hapo saa fulani. Lakini mwenye nia mbaya hakuji na laini ya jina lake, sote tunajua vile laini za majina ya watu wengine zimekuwa zikipatikana hii Nairobi. Italia walijaribu kwa nguvu zaidi, baada ya mabomu ya London mwaka 2005 wakaweka sheria ya kila mtu kutoa kitambulisho kabla ya kutumia intaneti ya sehemu za umma, na kufikia 2011 sharti hilo likawa limeondolewa. Ujerumani nako mwenye laini ndiye alikuwa anaandamwa kwa makosa ya wageni, kwa hivyo wengi walifunga tu waifai zao, mpaka sheria ikabadilishwa 2017.

Kitu kinanishangaza ni vile hatari ya ukweli hakuna mtu anaigusa. Angalia juu ya mlango wa hiyo kafe, kuna kamera za CCTV, na mara nyingi zimeunganishwa kwa rauta ile ile ya wageni, paswedi ni ile zilitoka nayo kiwandani. Pia kompyuta ya kaunta iko hapo hapo na printa iko hapo. Yaani mgeni akijiunga ni kaa amepewa funguo za jikoni, na hata ukimuuliza siku ya kuzaliwa bado funguo anazo. Dawa ni kutenga mtandao wa wageni, kuzuia vifaa vyao visionane, na kumpa kila mmoja kipimo chake cha spidi. Hata rauta nyingi za bei ya chini zina hiyo sehemu ya wageni. Wale vijana wanaouza intaneti ya vocha mitaani hufanya haya yote kwa karauta kadogo ka MikroTik, na wala hawahitaji jina lako la katikati.

Kodi ya kuingia inaweza kuchapwa kwa risiti ya chai, iishe baada ya saa mbili. Si ati haina shida, weita atasahau, mtu atapiga risiti picha atume kwa grupu, na simu za sasa, tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, huonyesha kila mtandao anwani ya kubuni badala ya ile halisi ya kifaa, na rauta hutambua simu kwa hiyo anwani, kwa hivyo anayejua kuchezea seting anaweza kurudi kaa mgeni mpya. Lakini si huyo ni mmoja kati ya wangapi?

Na hizo namba zikishakusanywa zinaenda wapi? Faili iko kwa kompyuta ya kaunta, kila mtu wa shifti anaifungua, wiki ijayo unaanza kupata meseji za ofa ya pilau. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema uchukue tu kile unachohitaji kwa kazi uliyotaja, na ofisi ya kamishna wa data haichezi, 2023 ilipiga klabu moja ya Ngong Road faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Mbaya zaidi, hizo kurasa zinatuzoesha kujaza chochote tunachoulizwa, sasa mwizi akiwasha hotspoti ya jina linalofanana aulize hadi PIN ya M-Pesa, kuna mtu ataandika.

Serikali nayo iliahidi waifai 25,000 za umma, sokoni, stendi, sehemu kama hizo. Hapo kikomo nakubali, mama wa mitumba anayetafuta wateja mtandaoni asinyongwe spidi na mtu mmoja wa muvi. Lakini kodi ya SMS hapo naikataa kabisa. Mtoto wa Grade 7 amekuja na tableti ya mamake, haina laini, anataka kumaliza kazi ya shule, kodi itatumwa wapi? Wape kila kifaa kipimo chake waingie tu, hata kama kuna mjanja atabadilisha anwani apate saa mbili za juu.