Viti vitatu pungufu: Kanada na kumbukumbu za Arusha

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Kaloleni, Arusha, hakikosi mada, ila Mei 2025 mada ilitoka mbali. Uchaguzi wa Kanada wa Aprili 28, 2025 ulikipa chama cha Liberal cha Waziri Mkuu Mark Carney viti 169 katika Bunge la viti 343. Ili upitishe jambo bila kumbembeleza mtu, unahitaji 172. Wakapungukiwa vitatu, na bado wakaunda serikali. Habari hiyo alitusomea mwalimu mstaafu mmoja, aliyefundisha Basotu enzi za yale mashamba ya ngano yaliyofadhiliwa na Wakanada, na tangu hapo haachi kuifuatilia nchi ile. Dereva wa bodaboda, kikombe mkononi, akauliza: "Mwalimu, sasa hiyo si serikali ya wachache, kama ya makaburu?"

Swali lilikuwa la haki kabisa. "Serikali ya wachache" tuliizoea wakati wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, tukimaanisha walowezi waliowanyima wengi kura. Ya Kanada ilikuwa kitu kingine. Chama kilipata viti vingi kuliko chama chochote kingine, lakini hakikufika nusu. Ndiyo maana mimi niliiita serikali isiyo na wingi bungeni, ingawa ni maneno marefu.

Huko kwenyewe ilipokelewa kwa namna mbili. Wapo walioshusha pumzi. Donald Trump alikuwa ameibana Kanada kwa ushuru na kusema inafaa iwe jimbo la 51 la Marekani, na wengi wakamwona Carney, aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu ya Kanada na baadaye ya Uingereza, ndiye wa kusimama mbele yake. Baadhi yao waliona hata ni afadhali amekosa wingi, maana ingebidi asikilize. Lakini upande wa magharibi, hasa mkoa wa Alberta, watu walinuna. Wapinzani wakuu, chama cha Conservative, walipata zaidi ya asilimia 41 ya kura zote nchini, wakaambulia viti 144. Siku moja tu baada ya uchaguzi, serikali ya Alberta ilipeleka muswada wa kuwarahisishia wananchi kudai kura ya maoni, na mazungumzo ya kujitenga yakapata moto mpya. Siwezi kuyapuuza manung'uniko hayo. Mtu anayeona mafuta yanayochimbwa kwao yanaamuliwa na chama ambacho majirani zake hawakukichagua, miaka nenda rudi, hatulizwi kwa kuambiwa kuwa kanuni zimefuatwa.

Wanaosema serikali ya aina hii ni dhaifu wana mfano wao mzuri, Joe Clark, waziri mkuu wa zamani wa Kanada. Mwaka 1979 alishika nchi akiwa na viti 136 kati ya 282, akaamua kutawala kana kwamba anao wingi. Akaleta bajeti ya kupandisha kodi ya mafuta bila kujihakikishia kura za kutosha. Desemba 13 ikaangushwa, 139 kwa 133, na Februari 1980 wapiga kura wakamwondoa. Lakini mbona Lester Pearson, waziri mkuu kuanzia 1963 hadi 1968, hakuwahi kuwa na wingi hata siku moja, na ndiye aliyeacha mfuko wa pensheni wa taifa, bendera ya jani jekundu na sheria ya bima ya afya ya umma ya 1966? Alibembeleza, akapunguza hapa, akaongeza pale. Kwa hiyo sikubali kwamba udhaifu uko kwenye idadi ya viti. Clark aliponzwa na kutojua kuomba.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Chama cha NDP, cha mrengo wa kushoto, kilibaki na viti 7, hakikufikia hata 12 vinavyotakiwa ili kitambuliwe rasmi bungeni, na kiongozi wake akashindwa jimboni kwake. Chama hicho kilichokataliwa na wapiga kura ndicho kikawa kinaweza kuamua bajeti ipite au isipite. Ni kweli kwamba makubaliano yake na Liberal ya 2022 yaliwapatia Wakanada wengi matibabu ya meno. Lakini nani aliwatuma hao saba?

Kisha mwalimu akatusomea habari ya Terrebonne, jimbo la uchaguzi lililoko mkoa wa Quebec. Usiku wa uchaguzi Liberal walionekana wameshinda. Hesabu zilipohakikiwa, Bloc Québécois, chama cha kutetea Quebec, wakawa mbele kwa kura 44. Zikahesabiwa upya chini ya jaji, na Mei 10 Liberal wakapewa jimbo kwa kura moja. Moja tu! Baada ya hapo akajitokeza mama mmoja akisema kura yake ya posta, aliyowapa Bloc, ilirudishwa kwake nyumbani kwa sababu bahasha ilichapishwa namba ya posta yenye kosa. Bloc wakaenda mahakamani.

Kijiwe kikanyamaza, na najua kwa nini. Baada ya uchaguzi wa 2010, madiwani wa CCM na Chadema katika manispaa yetu walikaribiana mno, na kila upande ukawa na hesabu yake ya nani ana haki ya kupiga kura ya meya na kama akidi ilitimia. Ubishi wa namba ukatoka barabarani. Maandamano ya Januari 5, 2011 yakakutana na mabomu ya machozi na risasi, watu wakafa. Madiwani watano wa Chadema waliokubali mwafaka na CCM wakafukuzwa na chama chao, kata zikabaki bila wawakilishi hadi 2013. Ndiyo maana mkazi wa Arusha akisikia hakuna mwenye wingi, moyo unamruka. Hapa aliyekaa na mpinzani mezani aliitwa msaliti.

Na Katiba yetu haijaufunga mlango huo. Tangu mabadiliko ya 2000, Rais anaweza kushinda kwa kuwazidi wenzake tu, bila kufika nusu ya kura. Ibara ya 51 inaeleza hata afanye nini kama hakuna chama chenye wabunge wengi zaidi: amteue Waziri Mkuu anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Ibara ya 90 inamruhusu kulivunja Bunge likikataa bajeti. Waandishi wa sheria waliiona siku hiyo ikija. Sisi hatujaizungumza, na mimi naona tuizungumze sasa, kabla haijafika.

Dereva alikuwa bado kwa yule mama. "Sasa Mwalimu, huyo wa bahasha wamemwambia nini? Mchochezi?"

"Hapana. Tume ya uchaguzi imekiri kwamba kosa la namba lilikuwa lake."

"Imekiri yenyewe?"

"Yenyewe."

Dereva akaomba simu, akasoma mwenyewe.