Quarenghi na ukuta usio na pambo

Ukifuata ukingo wa mto Neva upande wa Kisiwa cha Vasilyevsky, mjini Saint Petersburg, utafika kwenye jengo ambalo watalii wengi hulipita bila hata kutoa simu mfukoni. Ni jengo la Akademia ya Sayansi, lililojengwa kati ya 1783 na 1789. Lina ngazi za granaiti, nguzo nane nyeupe, na pembetatu juu ya nguzo isiyo na sanamu hata moja. Kinachobaki ni ukuta tu, umepigwa lipu na kupakwa rangi ya njano.

Mimi nilisimama pale siku moja ya Novemba yenye jua, jambo la nadra huko. Jua la msimu huo halipandi. Hutambaa chini chini, na saa tisa alasiri tayari linaaga. Nikaona vivuli vya nguzo vikisogea taratibu juu ya ule ukuta mtupu, na ndipo nilipoelewa kwa nini aliyeuchora hakuuwekea nakshi. Angeuwekea, vivuli vile vingekosa pa kutua.

Aliyeuchora ni Giacomo Quarenghi, aliyezaliwa 1744 karibu na Bergamo, kaskazini mwa Italia. Nasema bila kusita kwamba wasanifu wa Kitaliano waliofanya kazi Urusi ni wengi, lakini kwangu huyu ndiye aliyezama ndani zaidi, na alifika huko kwa kupunguza mapambo.

Kabla yake mji ule ulikuwa umezoea mkono wa Bartolomeo Rastrelli, naye wa damu ya Kitaliano, aliyejenga Kasri la Majira ya Baridi lenye nguzo juu ya nguzo, sanamu hadi paani na madirisha yaliyorembwa kama bibi harusi. Katarina wa Pili, malkia wa Urusi, hakuupenda mtindo ule. Mwaka 1779, akiwa pia amewachoka wasanifu wa Kifaransa, alimwandikia rafiki yake Grimm, mwandishi aliyeishi Paris, amtafutie wasanifu wawili wa Kitaliano. Mmojawapo alikuwa Quarenghi. Alikuwa amekwenda Roma kujifunza uchoraji, lakini alipokutana na maandishi ya Andrea Palladio, msanifu wa karne ya 16, akageuka kuwa mtu mwingine.

Wapo wanaodai kwamba Warusi waliagiza tu mtindo wa kigeni, kama mtu anavyoagiza kitambaa dukani. Sikubaliani nao. Nikolai Lvov, Mrusi, alichapisha tafsiri ya Palladio kwa Kirusi mwaka 1798, na Ivan Starov, msanifu wa Kirusi, alikuwa akijenga kwa roho hiyo hiyo. Tena kuna sababu ya kifundi ambayo watu huisahau: Palladio mwenyewe alijenga sana kwa matofali na lipu, kwa sababu vilikuwa nafuu. Saint Petersburg nayo ni mji wa matofali na lipu. Kwa hiyo mtindo haukuhitaji milima ya marumaru ili uhame. Ndiyo maana hata mwenye shamba wa mbali, asiye na utajiri wa kifalme, aliweza kuweka nguzo nne nyeupe mbele ya nyumba yake, pengine za mbao, naye akawa na uso ule ule.

Lakini kazi inayonigusa kuliko zote iko Moscow. Nikolai Sheremetev, mmoja wa matajiri wakubwa wa Urusi, alimwoa Praskovya Zhemchugova, mwimbaji aliyezaliwa katika utumwa wa ardhi kwenye milki ya familia hiyo hiyo. Mwaka 1803, wiki tatu baada ya kujifungua mtoto wa kiume, Praskovya alifariki. Hospitali ya maskini ilikuwa tayari inajengwa kwa ramani ya Elizvoy Nazarov. Sheremetev akamwomba Quarenghi aifanye iwe kumbukumbu ya mkewe. Quarenghi hakuibomoa. Pale katikati aliweka safu mbili za nguzo zilizojipinda nusu duara, kama mikono inayompokea mgonjwa. Ilifunguliwa 1810, na hadi leo jengo hilo ni la taasisi ya tiba ya dharura ya Sklifosovsky. Nami siwezi kuzitazama nguzo zile bila kuwafikiria maelfu wengine wa milki ile waliozaliwa kama Praskovya, ambao jasho lao ndilo lililolipia matofali na hakuna aliyewajengea chochote.

Quarenghi hakuwa mtu wa kudharau alichokikuta. Alichora makanisa ya kale ya Moscow kwa upendo unaoonekana katika kila mstari. Alipojenga Taasisi ya Smolny, shule ya wasichana mjini Saint Petersburg, 1806 hadi 1808, ilikuwa ubavuni mwa kanisa kuu la Rastrelli, na husimuliwa kwamba kila alipopita mbele ya kanisa lile alivua kofia. Jirani yake alikuwa na urembo wote ule, naye akaweka ukuta mrefu mtulivu, wala hakushindana.

Vita vya Napoleon vilipofika Urusi mwaka 1812, serikali ya Italia, iliyokuwa chini ya Wafaransa, iliwaamuru Waitaliano walioko Urusi warudi nyumbani. Quarenghi akakataa. Akahukumiwa kifo bila kuwepo, na mali yake ikatwaliwa. Miaka miwili baadaye, wanajeshi wa Urusi waliporudi kutoka Paris, ni yeye aliyewachorea lango la ushindi la Narva, likajengwa haraka kwa mbao. Alifariki 1817 mjini Saint Petersburg. Mbao zilipoanza kuoza, msanifu Vasily Stasov alilijenga upya kwa matofali yaliyofunikwa shaba, akafuata wazo lile lile la Mtaliano yule. Lilikamilika 1834, na bado limesimama.