Bonge, Eddy na Kibodi ya Taa

Bonge anakaanga chipsi nje ya geti la dada yangu kule Tandika, na akiingia ndani kucheza Tekken 3, ule mchezo wa video wa kupigana wawili wawili, hachagui mtu mwingine ila Eddy Gordo. Walioucheza mchezo huo tangu ulipotoka kwenye PlayStation mwaka 1998 wameshajua naelekea wapi. Eddy hadai ufundi. Bonyeza teke la kushoto na la kulia ovyoovyo, mwenyewe atapinduka, atasimama kwa mikono, atakufagia miguu kabla hujajua kalala au kasimama. Bonge hata habonyezi. Analalia: kiganja kizima juu ya vitufe vya namba, mkono wa pili umeng'ang'ania mshale wa chini, midomo kaibana.

Mpwa wangu Dulla ni mtu wa Paul Phoenix. Paul ana ngumi moja inayotisha: chini, chini-mbele, mbele, halafu ngumi ya kulia. Ikikukuta, sehemu kubwa ya uhai wako imekwenda. Ikikosewa, Paul anachuchumaa tu na kusubiri kipigo.

Vita vyao vilipiganwa kwenye kompyuta ya mezani ya dada, kwa ile programu inayoifanya kompyuta ijione PlayStation, wote wawili kwenye kibodi moja. Dulla kushoto: W, A, S na D za kutembea, F na G ngumi, V na B mateke. Bonge kulia: mishale ya kutembea, namba 4 na 5 ngumi, 1 na 2 mateke. Kibodi ya zamani ilipokufa kwa soda, dada akatoa shilingi 40,000 inunuliwe nyingine "ya kuandikia". Dulla akapanda daladala kwenda Kariakoo peke yake. Hapo ndipo lilipoanzia jambo.

Alirudi na kitu kinawaka kama ukumbi wa harusi. Nyekundu kushoto, kijani katikati, bluu kulia. Kwenye boksi kuna joka linatema moto, na chini ya joka maandishi kwamba kibodi hii ina "hisia" za kibodi ya swichi, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake chini. Mimi riziki yangu ni kufungua kompyuta za watu, kwa hiyo maneno hayo niliyasoma mara mbili. Kibodi yenye swichi za kweli haina haja ya kusema ina hisia zake. Nikang'oa kitufe kimoja kwa kucha: chini yake kikombe cha mpira, na chini ya mpira karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Si kitu kibaya kwa 38,000. Kibodi nyingi za ofisini zimetengenezwa hivyohivyo na zinaandika miaka. Ila mwenye duka alimuuzia kijana taa, kibodi ikawa nyongeza.

Jumamosi usiku dau likawekwa: sahani ya chipsi mayai. Sebule ikajaa watoto wa jirani na wateja wawili wa Bonge waliochoka kusubiri nje.

Raundi ya kwanza Dulla akaandaa ngumi. Paul akachuchumaa. Eddy akamfagia. Akaandaa tena. Paul akachuchumaa tena.

"Oya, ngumi haitoki!"

"Haitoki kwa sababu hujui," akasema Bonge, kiganja bado kimelala.

Dulla akacheza peke yake kidogo, Bonge akiwa amenyoosha mikono juu. Ngumi ikatoka, safi, mara tatu mfululizo. Bonge akashusha mikono: Paul akachuchumaa. Sebule ikaanza kunong'ona.

Wakabadilishana upande. Dulla akaenda kwenye mishale na namba, Bonge akahamia kushoto na kulalia V na B kwa kiganja kilekile. Ngumi ya Dulla ikakataa na huko. Mtoto mmoja akatamka kile ambacho wakubwa walikuwa wanakiwaza:

"Dawa yake inahama naye!"

Bonge akavuliwa pete. Akavuliwa na aproni. Akakaguliwa mifuko: chenji, vijiti vya meno, pakiti ya chumvi. Mkaanga chipsi kukutwa na chumvi ni jambo la kawaida kabisa, lakini usiku ule ilipokelewa kama ushahidi. Mteja mmoja akashauri chumvi hiyohiyo inyunyizwe juu ya kibodi kuondoa mkosi, na ndipo nilipoingilia kati, maana chumvi ikiingia chini ya vitufe na kupata unyevu wa Dar, zile njia za umeme hazichukui muda kuliwa.

Nikafungua Notepad, ile programu ya kuandikia maneno matupu. Nikamwambia Bonge ashikilie mshale wa chini pamoja na namba 1 na 2 asiachie, halafu Dulla abonyeze herufi zake moja moja. W ikaandika. S ikaandika. D, kimya. G, kimya. Bonge akaachia namba 2, G ikaandika. Akairudisha; G ikanyamaza. Sebule nzima ikasogea mbele kuangalia herufi G.

Sababu yake haina uganga. Kibodi ina vitufe mia na kitu, lakini chipu yake haina waya mia na kitu. Vitufe vimepangwa kwenye mistari ya kulala na ya kusimama, mara nyingi 8 kwa 18 hivi, na chipu inaipitia mistari hiyo mara nyingi sana kila sekunde ikiuliza ni wapi imegusana. Kitufe kimoja au viwili, hakuna tabu. Vitatu vikikaa kwenye kona tatu za mstatili, umeme unazunguka na kutokea kona ya nne, na chipu inaona kitufe ambacho hakuna aliyekigusa. Dawa kamili ni dayodi kwenye kila kitufe, ili umeme usirudi nyuma. Kwenye kibodi za karatasi za bei ya chini dayodi hizo hazimo, kwa hiyo chipu inapotilia shaka inakataa tu kitufe kilichokuja mwisho. Aliyetangulia kubonyeza ndiye mwenye haki, na Bonge alikuwa ametangulia tangu raundi ya kwanza. Upande wowote aliokaa, kiganja hakikuondoka, na Dulla aliyebonyeza kwa ustaarabu akawa wa mwisho daima.

"Lakini boksi limesema vitufe 19 havigombani," Dulla akalalamika, akiinua joka.

Ni kweli, na joka halikudanganya. Hivyo 19 kwa kawaida ni W, A, S, D na majirani zake, pamoja na upau wa nafasi, kwa ajili ya mtu mmoja anayekimbia na kupiga risasi. Watu wawili kwenye kibodi moja hawakuwemo kwenye mpango.

"Kwa hiyo mimi si mchawi," akasema Bonge, akinyoosha mkono kudai chumvi yake.

Tiba ilikuwa bure. Nilikuwa na kibodi ya ofisini, ya kijivu, haina taa hata ya kuazima. Ukichomeka kibodi mbili za USB, kila moja ina chipu yake na mistari yake, na Windows inapokea kutoka zote mbili bila kuuliza. Hakuna cha kusakinisha. Ya kijivu akapewa Bonge. Raundi ya kwanza tu, Paul akashuka, akanyooka, akatoa ile ngumi. Eddy akaruka hadi ukingoni mwa skrini. Shangwe ikafika barabarani.

"Hapana," akasema Bonge. "Mmenipa kibodi ya msiba. Na mimi nataka taa."

Jumapili zamu ikawa ya dada. Yeye ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 30 na hesabu zao ziko kwenye Excel. Kila akibonyeza mshale, karatasi yote inasogea lakini seli iliyochaguliwa inabaki palepale, akiandika tarakimu inaingia kwenye seli ileile ya mwanzo. Hisa za mama mmoja zilifutwa na za mwenzake kabla hajashtuka. Akanipigia: "Kaka, kompyuta imeingiwa na virusi vya Dulla."

Virusi ilikuwa taa. Kibodi nyingi za aina hii zimeunganisha taa na kitufe cha Scroll Lock, kile kinachofanya mishale isogeze karatasi badala ya seli. Taa ikiwaka, Scroll Lock imewaka pia, na Excel ni moja ya programu chache ambazo bado zinakijali kitufe hicho. (Kwenye Linux, kwa wasiotumia Windows, huwa kinyume: mfumo unakipuuza, taa haiwaki, na mtu anarudisha dukani kibodi nzima akidai taa mbovu.) Ikabidi dada achague, taa au hesabu. Kikoba kikafanyiwa hesabu gizani.

Bonge alipokamilisha shilingi 90,000 tukaenda wote Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mfukoni nikiwa na kiunganishi cha OTG, kile kidogo cha kuchomeka USB kwenye simu. Muuzaji akawasha kila kitu kinachowaka. Mimi nikachomeka kibodi kwenye simu, nikafungua ujumbe mpya, nikamwambia Bonge alalie.

"Alalie nini?" muuzaji akauliza.

Bonge akalaza kiganja. Nikabonyeza herufi za upande wa pili moja moja, nikihesabu zinazotokea. Ya kwanza ikameza nne. Ya pili ikameza tatu, na taa yake ilikuwa ya Scroll Lock. Ya tatu ilikuwa fupi, vitufe 87, swichi za kweli, taa nyekundu tupu inayowashwa kwa kitufe cha Fn. Haikumeza kitu. Nikaangalia na herufi: kwenye kibodi rahisi plastiki inayopitisha mwanga hupakwa rangi nyeusi na herufi kuchongwa juu yake, na rangi hiyo haivumilii jasho, sembuse mafuta ya chipsi. Ya tatu herufi zake zilimiminwa ndani ya plastiki yenyewe.

"Namba za kulia ziko wapi?" Bonge akahamaki. Nikamwambia mateke tutayahamishia kwenye K na L. Akafikiri kwa muda mrefu. "Na upinde wa mvua?" Kwa pesa yake, ama upinde ama swichi. Akanuna, akalipa.

Swichi zilizobaki dukani zilikuwa za bluu peke yake, zile zinazolia "tak" kwa kila kitufe kinachoshuka. Nyekundu ni tulivu, lakini zilikuwa zimeisha. Mchana hakuna aliyejali. Usiku Dulla alimwambia mama yake kwamba anabaki sebuleni kurekebisha hesabu za kikoba alizoziharibu, akafunga mlango, akazima sauti ya spika, akamfungulia Bonge dirisha.

Saa nane dada akaita kutoka chumbani.

"Dulla! Kikoba kina watu thelathini tu. Unamhesabu nani muda wote huo, na mbona anakujibu?"